Boriti za Kibudu

Siku ya kwanza Raufu alipokutana na Tuba, tawi la mwaloni lilimwangukia kilembani.

"Hodi hupigwa hata msituni!" sauti ikamshukia kutoka juu. "Hukusikia mundu ukilia?"

Raufu akajipangusa majani usoni, akainua macho akitarajia kumwona mwanamume. Akaona viatu vya uzi wa pamba, suruali pana iliyofungwa kiunoni kwa mtandio uliozungushwa mara tatu, na mwanamke wa makamo amesimama kwenye panda ya mti bila kushika kitu. Mundu wake wa mpini mrefu uling'aa utomvu. Kutoka alipokuwa mpaka chini ungeweza kusimamisha watu watatu, mmoja juu ya bega la mwenzake. Raufu alikuwa amepanda mlima mzima akipanga maneno ya kuanzia. Yote yakamtoka.

"Nimekuja kwa ajili ya mazu," akasema.

"Yapo, nami nipo. Kaa hapo kwenye jiwe mpaka nimalize mti huu. Siachi mti nusu ukaonekana kama mtu aliyenyolewa upande mmoja."

Akakaa. Tangu aache kuzungusha sindano na bilauri za chai mgongoni mwa punda, tangu apate gari la mizigo na duka lake nyuma ya uchochoro wa watengeneza ngozi kule mjini Baneh, hakuna mtu wa kijijini aliyewahi kumkalisha juu ya jiwe na kumwambia angoje.

Mazu ndiyo yaliyomjengea duka hilo. Ni vinundu vigumu kama gololi. Mdudu mdogo hutaga ndani ya kitawi cha mwaloni, nao mti huvimba kumzunguka. Watengeneza ngozi hawafanyi kazi bila vinundu hivyo. Kinundu kizima, kizito, chenye rangi kati ya kijani na buluu, ni mali. Mdudu akishatoboa na kutoka, kinundu huwa chepesi na bei yake huanguka nusu. Kwa hiyo Raufu alikuwa bwana wa matundu. Alimwaga gunia chini, akapitisha kiganja juu yake mara moja, akamwambia mwenye gunia ni mangapi yametobolewa. Vijiji vyote vya milima ile vilikiogopa kiganja hicho. Mwenyewe alijisifu kwamba hajawahi kuuziwa tundu.

Tuba aliposhuka alikokota magunia mawili kutoka nyuma ya jiwe.

"Hili ni mazima. Hili lina matundu. Nimeshatenga, usijichoshe vidole."

Raufu akalimwaga la mazima hata hivyo. Akapitisha kiganja. Akarudia, safari hii polepole. Hakupata hata tundu moja. Hapo akashtuka kuliko aliposhtushwa na lile tawi, maana katika miaka ishirini na miwili ya biashara hakuwahi kukutana na mtu anayejitengea hasara yake mwenyewe.

"Nani alikufunza hivi, dada?"

"Uvivu. Ukiwadanganya wafanyabiashara inakubidi ukumbuke ulimdanganya nani, na kwa lipi. Mimi nina mbuzi arobaini wa kukumbuka. Kichwa changu kimejaa."

Mbuzi hao walikuwa maisha yake yote. Mumewe alikuwa amefariki na kumwachia fungu lake la msitu. Pale Kanibard, kijijini kwake, kila nyumba ina fungu lake, na kila fungu lina vipande vitatu: kimoja hukatwa matawi mwaka huu, viwili hupumzika. Matawi yenye majani hufungwa matita, na matita hupangwa juu ya dungu, jukwaa la boriti lililotandazwa kwenye panda ya mwaloni ulio hai, mahali ambapo mdomo wa mbuzi haufiki wala theluji haifuniki. Mlima ukifungwa na theluji, mbuzi hula kutoka huko. Asiye na fungu hana majani, asiye na majani hana mbuzi, na asiye na mbuzi huteremka mjini kufagia maduka ya watu. Tena fungu si mali ya mtu kabisa. Atakayeua miti yake, baraza humnyang'anya na kumpa mwingine. Lilikuwa halijatokea tangu enzi za babu zao, lakini kila mtu aliijua sheria hiyo.

Raufu alitaka mazu ya Tuba kwa miaka mitatu, yote, asiuziwe mtu mwingine. Wakavutana. Akasimama kwenda zake mara mbili, na mara zote mbili Tuba alimtakia safari njema, ikabidi arudi mwenyewe. Mwisho mwanamke akasema kitu kimoja tu ndicho kinachomkosesha usingizi: madungu yake matatu yameoza, na walinzi wa msitu siku hizi hawaruhusu kukata mti mbichi.

"Basi boriti niachie mimi," Raufu akasema. "Ishirini na nne. Ni nyongeza tu, Dada Tuba, wala tusizitaje kwenye bei."

"Nyongeza ya mfanyabiashara huwa imeshalipwa mahali."

"Uchungu wote huo wa nini? Sema asante."

"Nitasema nikiziona."

Raufu alikuwa ameshajua atazitoa wapi. Mwezi ule gari lake lilikuwa limeshuka kusini na mzigo, likapita bonde ambalo mialoni yake yote ilikuwa imekauka kwa wakati mmoja, kilima baada ya kilima, rangi ya kutu. Mwenye ardhi alikuwa amechoka kuitazama. Alimwambia achukue anachotaka, bure, mradi abebe mwenyewe. Na hakuna kitu Raufu alichokipenda duniani kama gari linalorudi limejaa kitu ambacho hakukilipia. Akakata, akapakia, akazipaka ncha zake rangi ya buluu kama alivyozoea kutia alama bidhaa zake zote.

Alipozishusha Kanibard, Tuba aliigonga moja kwa mgongo wa mundu. Ikalia sauti kavu, tupu. Akaigonga tena.

"Kaka Raufu, hizi si kibudu?"

Kwa watu wa Kanibard, mti uliokatwa ukiwa hai kisha ukakaushwa umechinjwa. Mti uliofia umesimama ni kibudu. Kibudu unaweza kukitia jikoni ukapikia, si haramu, lakini hakipandishwi juu ya mti ulio hai, kwa sababu mzoga haulazwi kitanda kimoja na mzima. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia ndivyo tulivyokuta. Raufu aliyasikia hayo akayaweka fungu moja na hadithi za bibi yake kuhusu kuosha vyombo baada ya magharibi.

"Zimechinjwa zote," akasema, uso mkavu. "Kwa bismillahi, kwa kisu kikali, zikielekea kibla."

Zorab, jirani ambaye fungu lake lilipakana na la Tuba, alikuwa amekuja kutazama boriti za watu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Tuba naye akacheka.

"Haya," akasema. "Asante basi."

Akazipandisha na magome yake. Huko hawachuni gome kwenye boriti za dungu. Gome lenye mikwaruzo hushika matita. Boriti iliyo uchi huteleza, na upepo wa kwanza wa Novemba huyamwaga majani yote chini.

*

Katikati ya kiangazi cha mwaka wa tatu, Raufu alipanda kwenda kuyatazama mazu yake kabla hayajakomaa, akadhani amekosea njia.

Mlima mzima ulikuwa kijani, isipokuwa mahali pamoja. Fungu la Tuba lilikuwa kama shuka lililoshikwa na pasi ya moto. Miti kumi na mmoja ilisimama na majani yake yote, yamekauka yakiwa bado yameshikana na vitawi, kahawia, yanachakarika bila upepo. Mashinani, magome yalikuwa yamepasuka yakitoa majimaji meusi kama wino. Raufu akaweka mkono kwenye shina moja, akauondoa upesi kama aliyegusa maiti pasipo kujua.

Tuba alikuwa amekaa kwenye jiwe lile lile. Raufu hakuwahi kumwona amekaa mchana.

"Imekuwaje?" akauliza.

"Ingekuwa najua ningekuwa nimekaa?"

Zorab ndiye aliyejua, au ndivyo alivyowaambia watu. Alisimama kwenye mpaka wake, mikono nyuma.

"Tulisema tangu mwanzo. Mwanamke akipanda mti, mti huona haya, ukafa."

"Kama haya ingekuwa inaua, Zorab," Tuba akasema bila kugeuka, "wewe ungeishi miaka mia tatu."

Lakini utani haukubadilisha kitu. Zorab alikuwa ameshapeleka maneno kwa wenye mafungu. Baraza lingekaa Ijumaa baada ya swala: ameiua miti, fungu litolewe. Raufu alipokuwa akishuka kuelekea gari lake, Zorab alimfuata mpaka kwenye kona.

"Kaka, fungu likija kwangu, mazu ya miti iliyobaki nitakupa kwa bei ya chini kuliko ya huyu. Wewe ni mtu wa biashara."

Raufu hakusema ndiyo, wala hakusema la. Maneno kama hayo huwekwa mfukoni.

Angeshuka zake mjini siku hiyo, na pengine mambo yote yangekwenda upande mwingine, kama hangekutana na gari la chuo likipanda. Ndani alikuwamo Chiman, binti wa bonde la pili, aliyesomea magonjwa ya miti na sasa anakuja kuikagua iliyokauka. Alikuwa na kasha la mbao lenye hadubini na mirija miwili ya mpira. Raufu akageuza gari. Ikiwa kuna mtu anakuja kupima mali, mnunuzi hakosi kuwapo.

Chiman alitoboa mashina, akatoboa matawi, akaweka vipande katika vitambaa vidogo. Nyumbani kwa Tuba akachukua faneli ya kumiminia mafuta, akafunga mrija wa mpira chini yake kwa kibano, akaijaza maji, akalaza kitambaa chenye vipande vya mti juu yake, kikalowa.

"Ndivyo tunavyochuja mtindi," Tuba akasema.

"Ndivyo hasa, shangazi. Ila sisi tunachokitaka ni kile kinachoshuka chini. Kiache mpaka asubuhi."

Asubuhi akalegeza kibano, akadondosha tone moja kwenye kioo. Maji matupu, safi kuliko ya kisima. Akaliweka chini ya hadubini, akatazama, kisha akasogea.

"Ami Raufu, karibu utazame."

Kwanza Raufu aliona mwanga tu. Kisha mwanga ukaanza kutambaa. Zilikuwa nyuzi, angavu, nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga, zinajikunja na kujikunjua, zinapandana, zinapinda kama herufi zinazotafuta neno la kuandika. Kumi. Ishirini. Akaacha kuhesabu. Akaondoa jicho, akalitazama tone kwa macho matupu: maji. Akarudisha jicho: kumejaa.

"Astaghafirullahi," akasema. "Hii imetoka kwenye mti?"

"Kwenye tawi lenye unene wa kidole chako."

"Kwenye mbao? Ndani?"

"Ndani."

Tuba akamsogeza kwa kiwiko, akainama. Akakaa pale muda mrefu kuliko Raufu. Alipoinuka rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Mimi nimelala chini ya miti ile," akasema. "Nimemnyonyesha mwanangu pale. Na ndani yake kulikuwa na... na soko zima?"

"Haiingii kwa watu, shangazi. Usiogope."

"Sijasema naogopa. Ndiyo iliyoniulia miti?"

Chiman akafuta kioo kwa ncha ya mtandio wake.

"Nikikwambia najua nitakudanganya. Ukame wa miaka miwili uliichosha miti yako. Kuvu imeingia. Minyoo hii inakula kuvu, na labda inautafuna na mti wenyewe. Bado sijajua kama ndiyo wauaji, au ni wageni waliokuja matangani kula pilau. Ila ninajua jambo moja. Mnyoo hauna miguu wala mbawa, hauvuki kutoka mti hadi mti. Hubebwa. Kuna mbawakawa atoboaye miti. Minyoo hujibanza chini ya mbawa zake kama abiria, ikashuka anapotafuna kitawi kibichi. Na mbawakawa huyo hukulia ndani ya mti unaokufa au uliokwisha kufa. Sasa nieleze, mti wa kwanza kukauka ulikuwa upi?"

"Wa dungu kubwa."

"Na wa pili?"

"Wa dungu la..." Tuba akanyamaza. Bilauri ya chai ilikuwa mkononi mwake. Akaiweka chini taratibu, kama kitu kilichojaa mpaka ukingoni. "Wa tatu pia. Yote mitatu ya madungu, kwanza. Kisha jirani zake."

Raufu akasimama kabla hajaambiwa.

Wakaenda msituni wote watatu. Tuba akaukwea mti mfu wa dungu kubwa kwa kasi ileile ya siku zote, akachomoa boriti moja chini ya matita, akaiachia. Ikaanguka miguuni pa Raufu. Ncha yake ilikuwa ya buluu.

Gome lilikuwa limebanduka kwa kuanguka, na chini yake palikuwa pamechorwa njia nyingi zilizojaa unga. Matundu yalikuwa kila mahali, ya mviringo, safi, kana kwamba fundi amepita na keekee. Raufu akapiga magoti. Akapitisha kiganja juu ya boriti, kwa mazoea tu, kiganja kile kilichoogopwa mlima mzima. Hakuweza kutaja idadi. Palikuwa na matundu mengi kuliko mbao.

Matundu hayo aliyabeba kwa mikono yake mwenyewe. Aliyapaka rangi. Hakuyatazama hata mara moja, kwa sababu hakuyanunua.

"Boriti hizi zimetoka wapi?" Chiman akauliza.

Sauti ya Tuba ikashuka kutoka juu, tulivu mno.

"Mjibu, Kaka Raufu. Zilichinjiwa wapi?"

"Kusini," akasema.

"Kusini ipi, ami? Si lile bonde lililokauka lote?"

Raufu akaitikia kwa kichwa. Chiman akafunga macho, kisha akachukua keekee yake akaenda kwenye miti iliyobaki. Alifanya wema kuwaacha peke yao. Tuba akashuka.

Raufu alitarajia mundu. Alitarajia matusi, kilio, laana ya mama mzazi. Tuba akakaa kwenye jiwe, akajipangusa mikono.

"Nitalipa," Raufu akasema.

"Hujaulizwa bei. Ijumaa baraza litaniuliza nimeiua vipi miti. Nataka useme neno moja mbele yao: kwamba ulinilisha kibudu ukaniambia kimechinjwa. Basi."

Raufu akahesabu, maana kuhesabu ndiko alikokujua. Neno hilo likitoka, nani mlimani humu atamwamini tena akisema gunia lina uzito fulani? Na asiposema, fungu linakwenda kwa Zorab, na Zorab...

"Najua Zorab amekuahidi nini," Tuba akasema. "Yule hata akinong'ona husikika mpaka Baneh."

Raufu akatazama upande wa mpaka wa Zorab.

"Boriti zako ziko ishirini na nne, na kila moja ina buluu yako nchani. Nazo bado ziko kwangu, si kwako. Ukisema mwenyewe, umekosea. Nikisema mimi nikiwaonyesha buluu, umeniangamiza kwa makusudi. Wewe ni mtu wa bei. Chagua ipi ni nafuu."

Raufu akaigeuza boriti kwa mguu.

"Na mazu?" Raufu akauliza.

Tuba akamtazama kama asiyeamini masikio yake. Kisha akacheka, kicheko cha kweli, mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakukoma haraka.

"Wallahi, wewe ukifa utamuuliza mchimba kaburi udongo anauzaje. Mazu yatabaki yako, bei ileile, kwa miti itakayobaki. Lakini majani yaliyo juu ya madungu haya hayafai, itabidi yachomwe na boriti zake. Utawaletea mbuzi wangu shayiri mpaka majani mapya."

"Wote arobaini?"

"Ishirini na sita. Kumi na wanne nitawauza kabla ya theluji, hao ni juu yangu."

"Kwa nini juu yako?"

"Kwa sababu niliigonga boriti kwa mundu, nikaisikia ikilia kibudu. Mara mbili niliisikia. Ukafanya mzaha nikacheka na wewe. Gunia lenye matundu ni langu pia, Kaka Raufu. Nimeshatenga."

Raufu akaiviringisha boriti mbali na miti iliyo hai.

*

Ijumaa akasema. Alikuwa amepanga kulisema katikati ya maneno mengine, kama mtu anavyozika kinundu chenye tundu katikati ya gunia, lakini aliposimama mbele ya wenye mafungu lilimtoka peke yake, bila nguo: boriti zilikuwa kibudu, nilijua, nikasema zimechinjwa.

Mzee mmoja aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuhakikisha: "Na ile bismillahi?" Zorab, ambaye alikuwa ameshaanza kulipima fungu kwa hatua, alijaribu kusema kwamba hata hivyo mwanamke ndiye aliyezipandisha.

"Na wewe ulikuwapo ukicheka," mwenyekiti wa baraza akamwambia. "Kaa chini."

Fungu likabaki kwa Tuba. Ikaamuliwa kwamba miti yote kumi na mmoja ikatwe na ichomwe, pamoja na boriti, kabla mbawakawa hawajatoka majira ya kuchipua, na kwamba aliyezileta boriti azishushe. Raufu, mwenye miaka hamsini na kitambi cha mjini, akapanda mwaloni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Aliposhika panda ya kwanza, kijiji kizima kilikuwa chini kikimtazama.

"Piga hodi kwanza!" Tuba akamwita kutoka kwenye jiwe.

Alizishusha zote ishirini na tatu zilizobaki juu. Kila aliposhika moja, kiganja kilitafuta matundu chenyewe, na kila mara aliyapata. Moto ulipowashwa, boriti zilitoa mlio mwembamba, fiii, wa maji yanayotoka kwenye kuni. Watu wakarudi nyuma. Chiman alisema ni mvuke tu. Hakuna aliyesogea mbele.

Kipindi cha theluji kilichofuata Raufu alileta shayiri mpaka ule mwezi majani yanapofunguka. Alipeleka na sabuni, na sindano, na bilauri, kama zamani. Lakini hakuna tena mama wa Kanibard aliyepokea kitu mkononi mwake bila kukigeuza juu chini na kuuliza, uso mkavu: "Hiki kimechinjwa, Kaka Raufu?" Waliuliza hata kuhusu uzi. Neno hilo liliteremka mlima, likaingia uchochoro wa watengeneza ngozi, na hata mahasimu wake wa biashara wakaanza kulitumia. Alilipa shayiri mara moja akamaliza. Hilo neno bado analilipa.

Tuba alibaki na mbuzi ishirini na sita na miti kumi na tisa. Chiman hupita kila kiangazi na faneli yake. Mwaka wa kwanza alikuta minyoo kwenye miti miwili ambayo bado ni kijani, imesimama vizuri, inatoa mazu. Aliwaambia hajui maana yake. Inawezekana ilikuwamo humo siku zote. Tuba husimama chini ya miti hiyo miwili asubuhi, akaitazama juu, akaenda zake bila kuipanda.

Vuli hiyo mazu yake yote yaliingia gunia moja na robo. Zamani yalikuwa matano. Raufu akalipokea kwa bei ileile, kama walivyopatana, ingawa mjini bei ilikuwa imeshuka. Hakuyamwaga chini, kwa Tuba alikuwa ameacha. Alipokuwa akifunga mdomo wa gunia, Tuba alichota konzi moja zaidi kutoka kwenye mtandio wake, akamwekea kiganjani.

"Nyongeza," akasema.

Raufu akasita. Kisha akafungua vidole, pale pale mbele yake, akaanza kuyageuza moja moja kwenye mwanga. Tuba hakukasirika. Alisogea karibu, akayatazama pamoja naye.